Chevelle ya 1970, giaboksi TH350: nichukue toki konveta gani, ya kawaida au ya raundi 3,000?

ChevelleJinja

Habari zenu wakubwa. Niko Jinja, nina Chevrolet Chevelle ya 1970, V8 ya 350 (inchi za ujazo), kabureta ya midomo minne, giaboksi ni oto ya gia tatu ile Turbo-Hydramatic 350. Ilikuwa ya marehemu baba, nimeirudisha barabarani polepole na saivi inafanya kazi ya harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa), wikendi inabeba bibi harusi, siku nyingine imelala ndani. Sasa giaboksi ilianza kuteleza, ukitoka ya pili kwenda ya tatu injini inapiga kelele kwanza ndo gia inashika, mwisho ikawa hata kuondoka kwenye taa inasita. Fundi akafungua akakuta klachi pleti zimeungua, oili nyeusi inanuka moshi, na chini kwenye sampu kuna unga wa chuma unang'aa. Seti ya klachi na sili zimeshafika kutoka Marekani, giaboksi inafungwa upya, lakini amenikataza kabisa kurudisha konveta ya zamani, ile ngoma ya oili inayounganisha injini na giaboksi.

Hapo ndo nimekwama. Kuna jamaa Katwe kule Kampala anasema ataikata kwa leti, aioshe ndani, aichomelee tena, bei yake nafuu. Kuna rafiki anasema niagize ya inchi 12 kama iliyotoka nayo kiwandani. Na kuna mwingine ana konveta mpya ya inchi 10 imekaa kwenye boksi, imeandikwa stoli 3,000, anasema gari itaruka kwenye taa nisahau habari ya V8 nyingine yoyote Kampala. Mimi nasikia wote wanaongea vizuri tu.

Nisaidieni kabla sijatuma pesa maana kitu chenyewe ni chuma cha kilo 15 na zaidi, ndege inahesabu kila kilo, URA, watu wa kodi, nao wana chao, na ikija isiyoingia hairudi.

FundiTororo

Pole na kazi ndugu, na hongera kwa kuitunza gari ya mzee. Kabla hujalipa shilingi hata moja kwa yeyote kati ya hao watatu, tuambie vitu hivi: difu yako ni resho gani, kamshafti, ile inayofungua vali, ni ya kiwandani au imebadilishwa, tairi za nyuma zina urefu gani kutoka juu mpaka chini, na fleksipleti yako, lile bamba la nyuma ya injini linalofungwa konveta, ina meno mangapi. Bila hivyo mtu anayekutajia namba ya stoli anakubahatishia tu.

Watu wengi wanadhani stoli ni namba iliyopigwa muhuri kwenye chuma, sivyo. Stoli ni zile raundi injini inafika pale gari imezuiliwa isiondoke, umekanyaga mafuta yote, na oili ndani ya konveta inakataa injini isipande zaidi. Kinachosukuma hiyo oili ni nguvu ya kuzungusha ya injini yako wewe. Konveta ileile ukiifunga nyuma ya 454 inakuja juu, ukiifunga nyuma ya 305 iliyochoka inashuka. Kwa hiyo ile 3,000 ya kwenye boksi ni ya injini waliyopimia wao, na hujui ilikuwa injini gani.

Ndani mle kuna vitu vitatu vya maana. Impela imeshikana na ganda la konveta kwa hiyo inazunguka na injini, inarusha oili kwenye tabini, tabini ndo inazungusha shafti inayoingia giaboksi, alafu katikati kuna stetori inayogeuza oili inaporudi ili isaidie impela badala ya kuigonga. Gari ikiwa imesimama au inaanza kuondoka stetori imeganda, na hapo nguvu ya kuzungusha ya injini inaongezeka mpaka mara mbili hivi au zaidi kidogo. Gari ikishika mwendo stetori inaachia na kuzunguka pamoja na wenzake. Hiyo kazi ya kuganda na kuachia inafanywa na klachi ndogo ya upande mmoja. Ikifa kwa kuteleza, gari inakuwa nzito kuondoka lakini ikishakimbia iko sawa. Ikifa kwa kuganda moja kwa moja, gari inaondoka vizuri lakini mwendo mkubwa inakataa na oili inachemka.

Resho ya difu unaipima hapo hapo nyumbani. Weka gia nyutro, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe mazuri, nyanyua nyuma na uweke stendi, usiamini jeki peke yake. Kama difu ni ya kawaida, yaani ukizungusha gurudumu moja la pili linarudi nyuma, mwambie mtu ashike gurudumu la kulia lisisogee, piga alama ya chaki kwenye propela (ile shafti ndefu inayokwenda difu) na nyingine kwenye tairi ya kushoto, zungusha hiyo tairi mara mbili kamili taratibu huku mwingine anahesabu propela. Propela ikizunguka mara mbili na robo tatu ni 2.73, ikizunguka tatu na kidogo sana ni 3.08, tatu na theluthi 3.36, tatu na karibu robo tatu ni 3.73. Leta jibu.

V8_Entebbe

Mimi naunga mkono ile ya 3,000 na nasema kwa moyo wote. Gari ya aina hii ilitengenezwa kwa ajili ya kuondoka. TH350 gia ya kwanza ni 2.52, si ndefu wala si fupi, sasa ukiweka konveta inayoruhusu injini ipande mpaka pale ina nguvu ndo iivute gari, unapata V8 uliyoilipia. Konveta ya kiwandani inaikaba injini kwenye raundi 1,600 au 1,800 pale ambapo haijaamka bado. Kwenye ekspresiwei ya Entebbe ukitoka pale kwenye malipo utaona tofauti yake. Watu waogopa bure. Weka rejeta ndogo ya oili mbele, furahia gari ya baba yako.

DadaSpana_Mbale

Kaka V8 nakuelewa, na kama gari ingekuwa yako ya mbio na kamshafti kali na difu ya 4.10 ningekubaliana na wewe hata bila kubisha. Lakini soma tena alichoandika mwenye gari: harusi na kwanjula. Gari ya harusi inafanya nini? Inatembea polepole kwenye msafara, kilomita 20 kwa saa, mbele kuna boda wanapiga honi, nyuma kuna taksi, jua la saa nane, hapo Wandegeya mmesimama dakika kumi gia iko D na mguu uko kwenye breki, ndani kuna bibi harusi na gauni limejaa kiti chote cha nyuma. Hakuna kazi inayochemsha oili ya oto kama hiyo.

Konveta yenye stoli ya juu kabla haijafika raundi zake inateleza, na kuteleza ni joto, hakuna pengine linapoenda hilo joto isipokuwa ndani ya oili. Oili ya giaboksi ya oto, ATF, inapenda kukaa nyuzi 80 mpaka 90 hivi. Mafundi wa giaboksi wanakwenda na kanuni kwamba ukishapita hapo, kila nyuzi kumi zinazoongezeka zinakata maisha ya oili nusu. Oili ikishaungua inakuwa nyeusi, sili zinakuwa ngumu, presha inashuka, klachi zinateleza, zinaungua. Ndugu yetu ameshalipia somo hilo mara moja na seti mpya iko mezani.

Tufanye hesabu kabisa. Tuseme tairi ya nyuma ni inchi 26 na difu ni 3.08. Gia ya tatu kwa kilomita 100 kwa saa injini iko raundi 2,470 hivi kama hakuna kuteleza. Kwa 80 iko karibu 1,980. Kwa 60 iko kama 1,480. Maana yake ukifunga ya 3,000, kuanzia Jinja mpaka Kampala kupita Mabira nyuma ya malori ya Malaba, wewe hujafika hata mara moja mahali konveta inashika sawasawa. Ni kweli ukikanyaga kidogo tu kwenye tambarare haitelezi mpaka 3,000, inateleza kwa kadiri ya mzigo, lakini ukifika mlima na gari imejaa watu sita, mzigo huo hapo. Difu ya 3.73 ingeleta injini kama 2,990 kwa 100 na hapo ungeanza kuongea habari nyingine.

Jambo lingine ambalo katalogi za Marekani hazikuambii ni hewa yetu. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Jinja haipishani sana, Kabale inakaribia 2,000. Injini ya kabureta isiyo na tabo kwa mita 1,200 inapoteza kama asilimia kumi ya nguvu au zaidi kidogo kwa sababu hewa ni nyepesi. Na stoli inafuata kipeuo cha pili cha nguvu ya kuzungusha, nguvu ikishuka asilimia kumi na moja, raundi za stoli zinashuka kama tano au sita. Kwa hiyo konveta ambayo ingekaa 2,200 usawa wa bahari, huku itakaa 2,080 au pale 2,100. Ndo maana mimi sisemi lazima uende na ile ya chini kabisa, ya inchi 12 iliyoimarishwa yenye stoli ya 1,800 mpaka 2,000 kwenye karatasi kwako ni sawa kabisa, tena itaondoka vizuri kuliko uliyokuwa nayo.

Na wewe hujataja milima, utaenda Kapchorwa na hiyo gari? Kutoka huku kwetu Mbale kupanda kule ni kazi nyingine.

ChevelleJinja

Asanteni sana, webale nnyo dada. Kapchorwa nimeshaitwa harusi ya mwezi wa kumi na mbili kwa hiyo ndiyo, itapanda.

Nimepima jioni na kijana wangu. Tairi mara mbili, propela imezunguka tatu na kidogo sana, kidogo kama upana wa vidole viwili hivi kwenye duara ya propela, kwa hiyo naona ni 3.08. Kamshafti ni ya kiwandani, injini inanguruma taratibu bila kuyumba. Tairi za nyuma tumepima kwa mita, sentimita 66, ambayo ndo inchi 26 dada ulizosema. Fleksipleti nimehesabu meno 168, na ina matundu ya bolti ya aina mbili, mengine yako ndani kidogo mengine nje. Hiyo ni kawaida au mtu alitoboa?

FundiTororo

Ni kawaida, fleksipleti nyingi za Chevrolet zimetobolewa duara mbili, moja ya inchi 10.75 na nyingine ya inchi 11.5. Pima konveta yako ya zamani kutoka katikati ya bolti moja kupita katikati ya konveta, au kwa kuwa bolti ni tatu, pima kutoka katikati ya konveta mpaka katikati ya tundu alafu zidisha mara mbili. Hata ukiletewa ya duara nyingine itaingia kwenye fleksipleti yako, lakini ujue mapema.

Vitu vya kumwandikia muuzaji ni hivi na asikujibu kwa kubahatisha: TH350 shafti yake ya kuingilia ina meno 30. TH400 ina 24, Powerglide ina 17. Kwa macho ukiziona kwenye picha zinafanana sana, lakini ikishafika Entebbe uwanja wa ndege ndo utajua haiingii. Alafu kuna TH350C, hiyo ya miaka ya mwisho ina lokapu ndani ya konveta, yaani klachi inayoifunga isiteleze, usikubali konveta yake kwenye giaboksi yako. Mwambie wazi: TH350 ya 1970 isiyo na lokapu, injini ya smolibloki, yaani ile familia ya V8 ndogo za Chevrolet.

Na kwa kuwa injini ni 350 ya zamani, kranki yake sili ya nyuma ni ya vipande viwili, fleksipleti lazima iwe ya hiyo. Kuanzia 1986 walibadilisha sili ikawa ya kipande kimoja, na fleksipleti yake ina uzito wa kubalansi, ukiifunga kwenye yako gari nzima itatetemeka. Hata ya injini ya 400 nayo ina uzito. Yako ikiwa nzima usiibadilishe, ila ioshe kwa petroli, ipanguse ikauke, alafu angalia kwa taa kuzunguka matundu ya bolti za kranki. Ufa ukiwepo unaanza hapo, unakuwa mwembamba kama unywele na una kutu nyekundu inayotoka ndani. Ukiuona hata mdogo, fleksipleti itoke.

KisekkaNdani

Mimi nafanya kazi ya spea hapa soko la Kisekka, Kampala, na nawajua mafundi wa leti wa Katwe vizuri, kuna watu pale wanatengeneza vitu ambavyo ukivitazama huamini vimetoka kwenye banda la mabati. Kwa hiyo sisemi hawawezi. Nasema wanahitaji vifaa fulani kwa kazi hii na lazima uwaulize kama wanavyo.

Konveta ni ganda mbili zilizochomelewa pamoja. Unga wa chuma na vumbi la klachi vikishaingia mle, haviji kutoka kwa kumwaga petroli na kutikisa, vinakaa kwenye mapezi na kwenye beringi, alafu ukiwasha giaboksi mpya vinatoka kidogo kidogo na kuingia kwenye vali bodi, ile inayogawa oili ndani ya giaboksi. Kuitengeneza ni kuikata pale kwenye weldi yenyewe kwa leti bila kula chuma kingi, kubadilisha ile klachi ya upande mmoja na beringi, kupima umbali kati ya tabini na stetori, kuichomelea tena huku imeshikiliwa ili shingo yake isiyumbe, kuijaza presha ya hewa ndani ya maji kuona kama inavuja, na kuibalansi. Shingo ikiyumba hata kidogo inakula bushi ya pampu na sili ya mbele, na utaona oili inadondoka kati ya injini na giaboksi ndani ya muda mfupi. Na akikufungua akaifunga bila klachi mpya ya stetori amekuuzia weldi.

Kwa hiyo ukienda Katwe muulize maswali mawili tu, hiyo klachi ya stetori utaitoa wapi na shingo utaipima kwa nini. Akikuonyesha dayo geji yake, ile geji ya sindano ya kupima kuyumba, na klachi mkononi, mimi ningempa kazi. Akisema usijali bosi, ondoka na konveta yako.

V8_Entebbe

Sawa, kwa 3.08 na kamshafti ya kiwandani nakubali, dada amenishinda kwa hesabu. Ila ndugu Jinja kama siku moja utabadilisha kamshafti, ile inayonguruma kwa kuyumba, kumbuka kurudi kwenye swali hili. Kamshafti kali haina nguvu chini, injini iko D kwenye taa inataka kuzima, na konveta ya kawaida inaikaba mpaka inazima kweli. Hapo stoli inatakiwa ianzie pale kamshafti inapoamka au juu yake kidogo. Ni vitu vinavyokwenda pamoja, kamshafti, difu, konveta.

MzeeWaReli

Vijana mnaongea vizuri. Nimefanya kazi na injini za reli zenye konveta za namna hii na napenda mjue kwamba kitu hiki hakikuanza kwenye magari. Mjerumani Hermann Föttinger alikipatia hataza mwaka 1905 akiwa anatafuta namna ya kuunganisha tabini za meli na propela. Kwenye magari ya kawaida Marekani, Buick walikuja na Dynaflow 1948. Oili inasukuma oili, chuma hakigusi chuma, ndiyo maana konveta nzima inaweza kukaa miaka mingi sana oili ikiwa safi na ya baridi. Kinachoiua ni uchafu na joto, kama binti alivyosema.

Swali kwa mwenye gari: mafuta ya giaboksi yanapozwa wapi kwenye hiyo Chevelle, ndani ya rejeta ya maji tu?

ChevelleJinja

Shikamoo mzee, asante. Ndiyo, ndani ya rejeta ya maji tu, paipu mbili za chuma zinaingia chini. Rejeta yenyewe ni ya zamani.

DadaSpana_Mbale

Marahaba isubiri mzee mwenyewe, mimi niingie hapo hapo maana ni jambo kubwa kuliko hata namba ya stoli.

Hiyo sehemu ya oili ndani ya rejeta na hizo paipu zimejaa unga uleule uliokuwa kwenye sampu. Ukifunga konveta mpya na giaboksi mpya ukaacha paipu za zamani bila kuosha, uchafu wote unarudi siku ya kwanza. Paipu unaweza kupuliza kwa petroli na hewa ya kompresa kinyume na njia ya oili mpaka kitoke kisafi, lakini ile ya ndani ya rejeta ina vijitundu vidogo, huwezi kuiona. Kama pesa inaruhusu badilisha rejeta, kama hairuhusu ioshe sana, na vyovyote vile ongeza rejeta ndogo ya oili mbele, oili itoke giaboksi, ipite rejeta ya maji kwanza, alafu hiyo ndogo, ndo irudi. Chukua mpya. Za mitumba kutoka kwenye magari ya Japani zipo nyingi na bei inavutia, lakini hujui giaboksi iliyokuwa nazo ilikufaje.

Na mpira wa oili uwe wa oili kweli, ule wa petroli unalainika na kuachia. Mlima wa Kapchorwa si mahali pa kujaribu hilo.

Kwenye konveta yenyewe nakushauri inchi 12, TH350 meno 30, stoli 1,800 mpaka 2,000, na uulize kama mapezi yamechomelewa kwa shaba tanuruni. Za kawaida mapezi yamekunjiwa tu kwenye ganda, na gari nzito yenye V8 huyalegeza taratibu. Ile iliyochomelewa ni ghali kidogo lakini kwa kazi ya mlima na msafara ndo yake.

Tz_Mwanza_Garage

Kwa nini asiweke giaboksi ya 700R4 kabisa? Ina gia ya nne 0.70, barabara kuu injini inapumua, na ina lokapu.

FundiTororo

Ni giaboksi nzuri, gia ya kwanza 3.06 inaondoka vizuri sana. Lakini ina kebo inayounganisha kabureta na presha ya giaboksi, ikikaa vibaya kidogo klachi zinaungua haraka, alafu kishikilio cha nyuma cha giaboksi kinabadilika na propela inabadilika. Ndugu ameshanunua seti ya TH350, tumsaidie amalize hiyo kwanza.

Sasa kufunga, maana hapa ndo konveta nyingi mpya zinakufa kabla gari haijatoka gereji.

Kabla ya kuingiza, simamisha konveta mdomo juu, mimina kama lita moja ya ATF safi ndani, paka oili kidogo kwenye shingo na kwenye sili ya pampu. Giaboksi ikiwa chini sukuma konveta taratibu huku unaizungusha huku na huku. Inatakiwa ishuke mara tatu: kwanza meno ya tabini, pili meno ya stetori, tatu zile pembe mbili za shingo zinaingia kwenye gia ya pampu. Kila mara utasikia tok na konveta inarudi ndani kidogo. Wengi wanasikia mbili wanadhani imeisha. Ile ya tatu ndo ya maana, na mara nyingi inabidi uinyanyue kidogo kwa mikono kuondoa uzito kwenye sili huku unazungusha, ndo inaanguka. Weka rula kwenye uso wa kengele ya giaboksi, lile ganda la mbele linalokutana na injini, upime mpaka kwenye pedi za bolti za konveta, uandike kipimo hicho, ili giaboksi ikiwa juu kwenye jeki ujue haijasogea mbele.

Giaboksi ikikutana na injini, uso kwa uso lazima zikae zenyewe kwa mkono. Ikibaki nafasi ya kidole usivute kwa bolti, kamwe, maana unaisukuma konveta kwenye pampu na pampu inavunjika mara ya kwanza ukiwasha. Bolti za kengele zikishakazwa, konveta inatakiwa izunguke kwa mkono bila kugusa fleksipleti, na ukiivuta mbele ikutane nayo iwe imetembea milimita 3 mpaka 5. Ikikosa nafasi, simama, kitu hakijaingia. Ikizidi sana, shingo haijaingia ya kutosha kwenye pampu, weka washa nyembamba zinazolingana kati ya fleksipleti na pedi.

Kukagua oili, gari iwe imewaka, iko P, imepata joto, kwenye tambarare. Ukikagua imezimwa dipstiki itakudanganya kwa sababu konveta inarudisha oili. Na ujue kumwaga sampu peke yake hakutoi ya ndani ya konveta, haina tundu la kumwagia.

ChevelleJinja

Nimeandika yote kwenye daftari la gari. Nimeagiza ya inchi 12, meno 30, ya tanuruni, stoli 1,800 mpaka 2,000, muuzaji amenitumia picha ya shafti ikiwa ndani yake nikahesabu mwenyewe. Ya 3,000 nimemwambia jamaa aitafutie gari yake. Rejeta ndogo mpya naichukua Kampala wiki hii.

Kitu kimoja cha mwisho: zile bolti tatu za konveta za zamani, mbili vichwa vimeliwa na spana. Fundi anasema kuna bolti za Toyota zinaingia vizuri tu.

FundiTororo

Asithubutu. Konveta yako inataka bolti za inchi 3/8 uzi mwembamba, za Toyota ni milimita, inaanza kuingia nyuzi mbili tatu ukadhani imekubali, kumbe inakata uzi wa konveta mpya. Na urefu nao ni muhimu, bolti ndefu ikifika mwisho inasukuma ganda la konveta kwa ndani na kuliharibu. Chukua seti iliyotengenezwa kwa konveta, fupi, ya chuma kigumu, na uziandike kwenye oda hiyohiyo kabla hawajafunga boksi.

KisekkaNdani

Zikikosekana kwenye oda niambie, kuna mtu hapa Kisekka anauza bolti za inchi tu, njoo na moja ya zamani ambayo kichwa chake ni kizima tuilinganishe uzi kwa uzi.